Mitindo Mipya ya Kutangaza Msiba

Bwera, Jumatatu 2 Machi 2015

Mvua ya kwanza imeshuka kutoka mlimani leo, na mimi nimepata cheo. Ijulikane kwamba Arthur Olanya, aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wanamchelewesha, sasa ndiye fundi wa tovuti wa Chama cha Kuzikana cha Jirani Mwema.

Mwenyekiti, mzee Blasio, alikuja mwenyewe hapa dukani kwa Madam Mackline, ambako mimi huchapa barua za watu na kutoa fotokopi. Akakung'uta mwavuli wake juu ya kibodi yangu, akasema wanachama wao siku hizi wako Kampala, Butembo, mpaka Juba, na tangazo la redio haliwafikii.

"Tunasikia wewe iko na mkono wa kompyuta."

"Mzee, mkono tu? Mimi iko na miguu yake pia."

Akauliza nataka malipo gani. Nikasema sitaki pesa, nataka niandikwe kwenye chama. Akanitazama kama mtu anayeangalia mbuzi aliyeomba kiti.

"Umri wako?"

"Kumi na tisa."

"Na unawaza kaburi?"

"Kaburi haliulizi umri, mzee."

Akacheka, kisha akanieleza sheria yao. Kila mwanachama lazima awe na mwenye kilio: mwanachama mwenzake ambaye ukifa ndiye wa kwanza kuambiwa. Popote alipo atakuja, asimame mlangoni, aanzishe kilio. Kabla yake hakuna anayepaza sauti.

"Wako ni nani?"

"Atapatikana."

"Haya. Fanya kazi mvua hii yote. Mkutano mkuu uko mwisho wa Mei. Akisimama mtu mmoja akasema huyu ni wangu, tunakuandika siku hiyo hiyo. Asiposimama, tunakushukuru, unakwenda zako."

Mtu mmoja! Wanachama wamejaa kutoka Hima mpaka mpakani. Nikishindwa kupata mmoja na sura hii niliyopewa, basi dunia haina macho.

Jumatano 4 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Nimemwandikia askari wa forodha barua ya mapenzi kwa mkono, nikaongeza utamu wangu bure. Nimekula chapati mbili, moja kwa niaba ya rafiki.

Jumamosi 7 Machi, Kasese

Nimemwendea Kiiza, aliyenifundisha kompyuta hapa mjini. Kiiza huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba na kusema na wateja akiwa amewapa mgongo. Kwa kazi hii, mtu anayejua mitindo ni yeye, halafu mimi. Baada ya msimu huu tutageuza mpangilio.

"Olanya, wewe bado na tovuti za bibi yangu," akasema. "Mwaka huu tovuti inapumua."

"Inapumua vipi?"

"Maneno machache, nafasi nyeupe nyingi. Picha moja kubwa ijaze kioo, ukingo mpaka ukingo. Menyu unaificha nyuma ya vistari vitatu. Herufi nyembamba, rangi ya majivu. Muziki unaanza wenyewe. Na ukurasa hauishi: mtu anasukuma, anasukuma, vinakuja tu."

"Na kama ni tovuti ya misiba?"

Akafikiri. "Picha iwe kubwa zaidi."

Nimerudi Bwera nikiwa na yote hayo kichwani. Kwenye pori la wanyama tembo mmoja alikuwa amesimama peke yake kwenye mvua, kama abiria aliyeachwa na basi. Nilimpungia mkono. Wenzangu garini wakanicheka.

Jumanne 10 Machi

Siku ya soko la mpakani. Kwa majaribio nimejiweka mimi mwenyewe kwenye ukurasa, picha yangu imejaza kioo chote, chini yake neno moja: ARTHUR. Nakiri nilipendeza. Mama mmoja wa Congo aliyekuja kutoa kopi ya kibali akaiona, akashika kifua.

"Eh, mutoto! Weye uko mufu?"

"Bado, mama. Najaribu tu."

"Toa iyi sura. Mutu hajifanyie matanga ye mwenyewe. Ndugu zako beko wapi, waifanye?"

Nikamwambia wako safarini. Nikaitoa.

Jumapili 15 Machi

Nimewaonyesha viongozi wa chama tovuti, kwenye baraza la kanisa, kwa laptopu ya Madam, ile ya kioo cha kugusa. Walikuwepo mzee Blasio na katibu wake, dada Ronah, ambaye ni muuguzi kwenye zahanati moja hapa na ana ulimi unaochoma kuliko sindano zake.

Vile vistari vitatu vya kufichia menyu mzee Blasio alidhani ni uchafu. Akavifuta kwa kidole gumba, menyu ikamrukia, akarudisha kiti nyuma. Ule ukurasa usioisha ndio uliomkasirisha kabisa. Alisukuma, akasukuma, wafu wakazidi kuja.

"Unaishia wapi?"

"Hauishi, mzee. Ndiyo mtindo."

"Kijana, msiba lazima uwe na mwisho. Watu warudi shambani."

Nikauwekea mwisho. Ronah akauliza, "Na hizi herufi za majivu? Umepunguza wino?"

"Dada, haya ni mambo ya macho yaliyosoma."

"Ya kwako yamesoma mpaka wapi, afande?"

Ananiita afande kwa sababu nilizaliwa kambini. Baba yangu, Sajenti Olanya, ni Mwacholi wa kaskazini. Nilimjibu kwamba yangu yaliona kitabu yakakielewa upesi, yakarudi nyumbani. Alicheka. Nikamwomba hapo hapo awe mwenye kilio wangu.

"Nitafikiri," akasema. "Ukipunguza majivuno."

Hiyo kwa hesabu yangu ni ndiyo.

Alhamisi 19 Machi

Muziki nao nimeutoa. Ronah alifungua tovuti akiwa wodini, wimbo wa mazishi ukaanza wenyewe kwa sauti ya juu. Amekuja hapa akiwa bado na koti jeupe.

"Mgonjwa wa kitanda cha dirishani ameniuliza kama daktari kuna kitu amemficha!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka. Alipofika mlangoni nikaona mabega yake yanatikisika.

Jumatatu 23 Machi

Mvua. Tovuti ina namba inayohesabu wageni. Leo wamekuja wanne. Watatu ni mimi.

Alhamisi 2 Aprili

Ronah ameleta tangazo la bibi mmoja aliyefariki, limeandikwa kama yanavyosomwa redioni, karatasi pande zote mbili. Marehemu ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, mke wa fulani aliyekuwa na shamba la kahawa juu ya kijito, dada yake Masika aliyeolewa chini, shangazi yake yule fundi baiskeli. Mwenye kilio ni fulani. Na waambiwe hawa, na hawa, na wale.

"Dada, marehemu ni huyu mmoja au kijiji kizima?"

"Andika ulivyopewa."

"Kiiza anasema mtu anasoma sekunde tatu tu, anaondoka."

"Kiiza ana ndugu?"

Nimeandika, lakini nimewaza. Kwa Wakonzo, watu wa mlima huu, mtoto anaitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, na kadhalika. Wasichana vivyo hivyo, Masika, Biira, Kabugho. Hata mimi, kwa upande wa mama, ni Baluku. Ukisimama sokoni ukaita Baluku, soko linageuka. Sasa kama majina yote ni yale yale, yanasaidia nini? Kinachomtofautisha mtu na mtu ni sura. Kumbe picha kubwa ndiyo dawa ya Wakonzo hasa! Wenyewe hawajagundua. Imebidi aje mtoto wa kambini.

Nilimwambia Ronah. Akasema, "Huko mlimani Kyarumba watu wana kabiriti, vile visimu vya vibonye. Picha haifunguki."

"Watanunua simu."

"Ili wasome nani amekufa?"

Huyu dada angekuwa mwanasheria.

Jumapili 5 Aprili, Pasaka

Madam Mackline amekwenda kwao Mbarara. Ameniachia duka, wali, na ufunguo. Mvua tangu asubuhi. Wenye ndugu wamepita hapa mbele wakiwa wamebeba kuku chini ya makoti.

Mama yangu, Marita, alifia kambini mimi nikiwa kidato cha pili. Kwao walikuwa wamemkatia tamaa alipoolewa na askari, na baba alikuwa operesheni. Afande akapiga kelele, "Wanne hapa, mbio! Sepetu!" Wakachimba vizuri, kwa mstari, kama handaki. Aliyelia ni Nabirye, mke wa koplo wa chumba cha jirani, ambaye wiki moja kabla walikuwa wamegombana juu ya kamba ya nguo. Alilia sana. Sijui angelia nani kama si ile kamba.

Baba alihamishwa baadaye. Simu yake inasema haipatikani, kwa Kiingereza na kwa Kiganda.

Wali nimeuunguza.

Jumamosi 11 Aprili

Nimeamua. Msimu wa kubabaisha umekwisha. Kila marehemu anapata kadi yake: picha inajaza kioo, jina moja kwa herufi kubwa, mahali, siku ya mazishi. Mengine yote nje. Nilijaribu kuweka majina mawili, mstari ukavunjika, sura ya kadi ikaharibika. Nikabaki na moja. Nimemtumia Kiiza. Amejibu: "Sasa inapumua."

Mzee Blasio ameitazama akiwa ameishika laptopu mbali kidogo na macho. "Ni nzuri," akasema. "Kama kalenda." Nimelichukua kama sifa.

Jumatatu 20 Aprili

Mvua ya mawe. Radi imepiga mnara wa redio, redio imekufa. Na huko mlimani simu hazishiki. Ndipo alipofika mtu kutoka Kyarumba, ameshuka kwa miguu, karatasi ya chama ameiweka ndani ya kofia isilowe, na picha ya pasipoti. Mwanachama amefariki: Baluku Jonan, mkulima wa kahawa. Mazishi Jumatano saa nane mchana.

Redio haipo, simu haipo. Nani yupo? Mimi.

Nimeikuza ile picha, nikaisafisha, mzee akatoka kama waziri. Karatasi ilikuwa ndefu kama kawaida. Nikaandika: BALUKU. KYARUMBA. JUMATANO, SAA NANE. Nikawatumia wanachama wote ujumbe wenye kiungo cha ukurasa. Tangazo zima nimelimaliza kabla chai haijapoa. Redio wangekuwa bado wako kwa shangazi.

Jumanne 21 Aprili

Wageni hawajawahi kuwa wengi hivi! Namba inapanda nikiitazama. Nimemwonyesha Madam Mackline. Akasema, "Vizuri. Toa fotokopi."

Jumatano 22 Aprili

Mvua kutwa. Wageni bado wanakuja. Nimevaa shati jeupe bila sababu.

Alhamisi 23 Aprili

Nitaandika polepole.

Asubuhi ameingia mama mmoja mnene, amelowa mpaka kiunoni, matope yamemkauka miguuni kama soksi. Mkononi ana kabiriti. Akasimama katikati ya duka.

"Nani ni Arthur?"

"Ndiye mimi, mama. Tukusaidie nini?"

"Wewe ndiye uliyemuua kaka yangu."

Wateja wakageuka. Madam Mackline akavua miwani.

Jina lake ni Alisi, wa Karusandara, mwanachama. Ana kaka Kyarumba, mzaliwa wa kwanza kwao, kwa hiyo Baluku. Yeye ndiye mwenye kilio wake. Jumanne mjukuu wake alisoma ujumbe wangu: Baluku, Kyarumba, Jumatano. Picha? Kwenye kile kisimu ilitokea kiboksi cheupe chenye alama ya X.

"Nilimpigia kaka, simu haishiki. Nikasema ndiyo, amekufa kweli, ndiyo maana hashiki. Nimepanda boda mpaka mwisho wa barabara. Nikapanda mlima kwa miguu, mimi na miaka yangu hii, kila hatua mbili narudi moja. Nilipofika kijitoni nikaona paa lake, nikafungua kilio. Unajua maana ya kufungua kilio, mutoto? Nimelia kutoka kijitoni mpaka mlangoni. Nimetaja baba, nimetaja babu, nimetaja mpaka ng'ombe wa babu. Nafika mlangoni, nani anatoka?"

Akapiga meza yangu kwa kiganja.

"Baluku! Na ungo wa maharage! Ananiuliza, Alisi, nani amekufa?"

Mteja mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mimi, Mungu anisamehe, nikataka kusema kwamba basi ni habari njema. Alisi akaona mdomo wangu unafunguka.

"Funga. Kilio hakirudi tumboni. Nimekitoa chote na hakikupata mwenyewe. Sasa kinazurura huko mlimani kama mbwa. Unakirudisha wewe?"

"Pole, mama."

"Pole yako iko ndogo kama tangazo lako."

Madam Mackline akamletea kiti na chai. Alikunywa akinitazama. Alipoondoka alisema asante kwa chai, kwa Madam, si kwangu.

Ijumaa 24 Aprili

Nilidhani la Alisi ndilo kubwa.

Ronah amekuja jioni. Hakuniita afande. Alikuwa Kyarumba kwenye mazishi. Watu walikaa mvuani kumsubiri mwenye kilio wa marehemu, mdogo wake aitwaye Semu, anayefanya kazi ya kupakia malori ya saruji Hima. Hakufika. Saa nane ikapita, saa kumi ikapita. Kaburi likaanza kujaa maji. Hakuna aliyefungua kilio, maana si haki yake. Mjane aliuma khanga. Ikabidi wamshushe hivyo hivyo.

"Hivyo hivyo vipi?"

"Kimya, Arthur. Tumemzika kimya, kama mtu tuliyemwokota njiani."

Nikauliza kwa nini huyo Semu hakuja. Hapo ndipo aliponitazama hasa.

"Aliona ujumbe. Akasema, Baluku wako wengi. Hakuona jina la pili, hakuona baba yao, hakujiona yeye mwenyewe. Mwenye kilio anatajwa jina ili ajue ni yeye. Ilikuwa kwenye karatasi?"

Karatasi ilikuwa hapo mezani. Mstari wa tatu: Mwenye kilio, Kule Semu wa Hima, aambiwe kwanza.

"Nilitaka ionekane vizuri," nikasema.

"Imeonekana."

Akafungua mwavuli. Akasema lile jambo nililomwomba mwezi uliopita, asingeweza tena. Alilisema kwa upole, na mimi nikatamani anitukane.

Jumamosi 25 Aprili

Mvua.

Jumapili 26 Aprili

Mvua. Sikufungua tovuti.

Jumanne 28 Aprili

Leo ni siku ya soko, duka limejaa. Akaingia mtu mrefu, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la saruji, viatu pia. Akangoja zamu yake kwenye foleni ya fotokopi kama wengine. Alipofika mbele hakuwa na karatasi.

"Mimi Semu."

Nilisimama.

"Nisikie," akasema, "sikuja kukupiga. Watu wananiambia iko na picha ya kaka. Kwangu haikufunguka. Naweza kuiona?"

Nikafungua kwenye kompyuta kubwa. Ikatokea, ukingo mpaka ukingo. Niliyaona sasa yale niliyoyafuta siku ile nikiisafisha: nilikuwa nimeondoa kovu la kidevuni, nimeondoa mvi. Semu akasogea karibu na kioo.

"Hapa alikuwa na kovu."

"Nililitoa, kaka. Nilidhani ni doa."

"Mimi ndiye niliyempa. Tulikuwa tunapasua kuni."

Akaweka kidole pale kidevuni, akakiacha. Halafu akafungua kilio. Pale pale, mbele ya mashine ya fotokopi, katikati ya watu wa soko. Si sauti kubwa mwanzoni. Alimtaja baba yao, akamtaja mama, akataja kijito cha kwao, akataja kovu. Kisha sauti ikapanda na mimi nikawa sijui mikono yangu niiweke wapi. Madam Mackline akazima mashine. Wanawake wa Congo, wasiomjua yeye wala marehemu, wakatua mizigo yao, wakaitikia. Nami nikaitikia. Sauti yangu ilitoka mbaya, kama ya jogoo mdogo, lakini sikuizuia.

Aliponyamaza alijifuta uso, saruji ikawa tope.

"Rudisha kovu," akasema. "Halafu andika vizuri. Nitakusomea."

Akakaa. Alinisomea mpaka soko likaanza kufungwa: baba, babu, kijito, mke, watoto kwa zamu zao, shemeji wa Kasese, rafiki aliyelima naye. Sikukata hata mmoja. Alipoondoka alinipa mkono. Hakusema amenisamehe. Alisema anawahi lori.

Jumapili 3 Mei

Nimeivunja tovuti yote. Picha kubwa nje. Vistari vitatu nje. Majivu nje, herufi ni nyeusi, nene, bibi aone bila miwani. Juu kabisa: jina lote la marehemu. Chini yake: mwenye kilio, mahali alipo. Kisha ndugu, hata wakijaza ukurasa. Anayetaka picha anabonyeza mwisho, kwa hiari yake, na picha ni ndogo, kovu likiwa mahali pake. Inafunguka kwenye kabiriti upesi kuliko salamu.

Kiiza ameiona. Ameandika: "Umerudi kwa bibi yangu." Nikamjibu bibi yake alikuwa na akili, shida ni mjukuu.

Jumamosi 9 Mei

Nimeanza kuwapigia wanachama mmoja mmoja, kuuliza: wewe mtoto wa nani, mwenye kilio wako nani? Wanapenda kutaja watu wao. Wengine hawamalizi. Nawasikiliza mpaka betri inakufa. Wakimaliza huniuliza na wewe, kijana, wako? Nasema mtandao unakatika.

Jumatatu 18 Mei

Mvua imepungua. Ronah alipita akaniambia ukurasa mpya unasomeka. Nilimwambia najua. Sikumwomba kitu.

Jumamosi 30 Mei

Mkutano mkuu, kanisani Bwera. Jua, kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi. Watu wameanika miavuli juu ya ua. Nilivaa lile shati jeupe. Nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ili kutoka kuwe kwepesi.

Tovuti walikubali ibaki. Walipiga makofi kidogo, kama watu wanaopiga mbu. Halafu mzee Blasio akasema kuna kijana aliyeomba kuandikwa, mnamjua kwa mema yake na kwa yale mengine. Akaniita mbele.

"Nani anasimama kuwa mwenye kilio wake?"

Hakuna aliyesimama. Nilimwona Semu upande wa kushoto, anatazama viganja vyake. Ronah alikuwa na kalamu, anaandika kitu ambacho hakuna aliyekisema. Nikaanza kutafuta mzaha wa kuondokea. Nina mizaha ya kila aina, nikakosa wa siku hiyo. Mzee Blasio akauliza mara ya pili. Kisha akafunga daftari lake nusu.

"Ngoja kwanza," sauti ikasema kutoka kwa akina mama.

Ni Alisi. Alichukua muda kusimama, alijishikilia benchi la mbele.

"Mwenyekiti, mimi niko na kilio changu huko mlimani. Nilikifungua mwezi wa nne, kwa makosa ya huyu, na hakikupata mtu. Kaka yangu anakula maharage mpaka leo. Nimeuliza wakubwa kwetu kilio kama hicho kinafanywa nini. Wanasema hakilali nje, lazima kipewe mwenyewe. Basi nakiweka kwa huyu. Andika Alisi wa Karusandara. Siku yake ikifika, mjue mimi nilishaanza."

Watu wakaguna. Mzee Blasio akashika kichwa.

"Mama Alisi, unamtakia kijana kifo?"

"Simtakii kifo. Namtakia mtu."

Kanisa likacheka, na kicheko hicho kilikuwa na joto. Ronah akauliza, kalamu ikiwa tayari, jina lote la mwanachama. Nikasema Arthur Olanya. Akangoja. Nikaongeza: Baluku, mtoto wa Marita, aliyezikwa kambini, mtoto wa Sajenti Olanya, asiyejulikana aliko. Nilidhani nimemaliza. Alisi akanyanyua kidole, "Andika na Nabirye, aliyemlilia mama yake," maana siku zile za simu alikuwa amenibana mpaka nikamwambia. Ronah akaandika.

Nilikwenda kwenye benchi lake kumshukuru. Nilitaka kupiga magoti, akanivuta sikio nisimame.

"Na wewe sikia. Usife mwezi wa nne. Barabara yetu ni matope matupu, na magoti yangu yameisha."

"Nitajitahidi, mama."

"Jitahidi sana."